Hardtop 78: mtungi wa upepo nikauweke wapi jamani?

mkonga_tabata

Wakuu habari za jioni. Naombeni mawazo, nimekwama na hii kitu wiki ya pili sasa na mama watoto ameshaanza kuniuliza lile dude la bluu pale barazani linaondoka lini.

Gari ni Land Cruiser Hardtop 78, injini 1HZ, ile yenye matangi mawili ya dizeli lita 90 kila moja. Mwezi wa saba tulienda hifadhi ya Nyerere kwa njia ya Kibiti mpaka Mloka, mchanga ulikuwa mwingi nikapunguza upepo nikashuka mpaka psi 15, tukapita freshi kabisa, shida ikaja nilipoanza mbwembwe za kukata kona kwa kasi kwenye korongo moja kavu, tairi ya nyuma ikachomoka kwenye rimu upande wa ndani. Tairi ni 265/75R16 tubilesi. Jeki inazama mchangani tunaweka ubao, ubao nao unazama, watoto wanalia njaa, na kale kapampu kangu ka kuchomeka kwenye tundu la sigara kakawa kanapuliza na upepo unatokea pembeni ya rimu pssss, nusu saa nzima mpaka kakaanza kunuka waya. Kilichotuokoa ni dereva wa Fuso alikuwa amepakia mbao, akavuta mpira kutoka kwenye mitungi yake ya breki akaweka kwenye tairi, ikalia PAA, halafu PAA ya pili, imekaa. Hata hela hakutaka, alichukua soda mbili akaondoka anacheka.

Toka siku ile nikasema na mimi lazima niwe na mtungi. Kompresa nimeshafunga, ya kampuni ya ARB, ya pampu moja, imekaa ndani ya boneti pale kwenye kisahani cha betri ya pili ambayo sikuwa nayo. Mtungi nimeupata pale Gerezani, Dar, wa breki za lori, lita 20, kipenyo sm 25 na urefu 50 kasoro kidogo. Sasa haukai popote!! Chini katikati pamejaa, tangi moja la dizeli liko mbele ya difu (lile boksi la gia la katikati ya ekseli ya nyuma), jingine nyuma ya difu. Kuna ekzosi, kuna mipira ya kujazia dizeli inakatisha juu ya chasisi. Nje ya chasisi, pale chini ya bodi mbele ya tairi la nyuma, nimepima nikapata shubiri moja isiyotimia. Ndani chini ya siti za mkabala unaingia vizuri tu ila ndo stoo yetu ya masufuria na maji, na watoto wanakaa juu yake. Fundi wangu wa kuchomelea anasema tuuchomelee juu ya bampa la nyuma, jirani kasema keria.

Waliofunga walifunga wapi? Nawasilisha.

kibiti_road

Weka barazani hapohapo mkuu panda maua 😂

Ila serious, keria usiweke. Mimi nilikuwa nao juu. Uzito sio shida sana, shida ni mpira mrefu kushuka mpaka chini, jua la Dar linaukausha ule mpira mpaka unapasuka kama midomo ya mtu wa Ramadhani, na matawi njia ya Saadani yalinipigia koki ikafunguka nikaingia getini gari inapiga mluzi. Askari wa hifadhi wakanitoa macho.

BwanaDifu

Kaka mkonga kabla ya kuuliza wapi, uliza wa kazi gani, maana hapo naona kazi mbili umezichanganya. Kuna kujaza tairi baada ya mchanga na kuna kurudisha tairi kwenye rimu. Ni vitu viwili tofauti kabisa.

Tuanze na kujaza. Tairi ya saizi yako ndani ina nafasi kama lita 70. Ukitaka kuitoa 18 uipeleke 36 unahitaji upepo wa kawaida kama lita 86, hiyo ni tairi moja, zote nne ni kama lita 340. Sasa huo mtungi wako wa lita 20 ukiujaza mpaka 120 halafu ukashuka mpaka 36 umetoa lita 114 tu. Yaani tairi moja na kipande, basi, umekwisha, unasubiri kompresa. Na kuujaza wenyewe kutoka sifuri unahitaji lita 160 na ushee. Kwa hiyo kwenye kujaza tairi mtungi haukuongezei kitu, kazi yote inafanywa na kompresa, na mbaya zaidi unailazimisha kompresa isukume dhidi ya presha 120 wakati tairi ilikuwa inataka 36 tu, pale juu pampu inatoa upepo kidogo na inachemka. ARB ya pampu moja kwenye presha ya tairi inatoa lita 60 hivi kwa dakika. Piga hesabu mwenyewe, dakika sita, weka nane na kuhamisha mpira. Mtungi wa nini hapo?

Mimi gari yangu haina mtungi kabisa na nina difu loki ya upepo, ile ya kufunga tairi mbili za ekseli zizunguke pamoja. Inafanya kazi vizuri tu, kile kisilinda cha loki kinakula upepo kidogo sana.

mkonga_tabata

Mkuu BwanaDifu hesabu nimeielewa ila wewe hukuwepo Mloka. Nilivyoona ile PAA ndo nikajua kumbe pampu yangu haikuwa na njaa ya presha ilikuwa na njaa ya upepo mwingi kwa mara moja. Hiyo kompresa hata iwe ya lita 60 haitafanya vile.

BwanaDifu

Sawasawa kabisa, na hapo ndo nilikuwa nakuja. Kurudisha tairi mtungi ndo mwenyewe. Ila kinachofanya PAA sio ukubwa wa mtungi, ni ukubwa wa tundu la kutokea. Ukichukua huo wa lita 20 ukaufunga kikonekta kidogo cha robo inchi na mpira mwembamba wa springi, utapuliza kama mtu mwenye pumu. Chukua hata wa lita 10, weka koki ya nusu inchi, mpira mfupi mnene, ng'oa ile sindano ya ndani ya valvu ya tairi njia iwe wazi, fungua koki kwa mkupuo. Zile mashine za mkononi za mafundi pancha za kukalishia tairi ndogo nyingi ni za lita 6 mpaka 9 na zinapiga tairi za Land Cruiser kila siku.

Kabla ya hapo funga mkanda wa kubania mizigo kuzunguka tairi katikati, ukaze, mbavu zitanuka ziguse rimu. Paka maji ya sabuni. Nusu ya kazi imeisha hapo.

Na tafadhali kwa yeyote anayesoma mwenye zile rimu za ringi, za tairi za mpira wa ndani, HII HAIKUHUSU. Ringi ikiruka inaua.

dada_wa_OneTen

Jamani nimechelewa foleni ya Mwenge. Naongezea kwa kaka mkonga kuhusu nafasi maana Difu kaongea vizuri ila hajajibu swali lililoulizwa 😅

Mimi nina Land Rover 110, mtungi wangu nilitoa kwenye Range Rover mbovu zile za springi za upepo, kama lita 10, mwembamba. Nimeufunga nje ya chasisi chini ya bodi mbele ya tairi la nyuma, palepale ulipopima wewe shubiri. Sio wazo langu, Discovery 3 imetoka kiwandani na mtungi pembeni ya chasisi, wa kama lita 9. Kwa hiyo kama wewe una sm 18 au 19 pale, usitafute pa kuweka mtungi mnene, tafuta mtungi mwembamba. Wa kipenyo sm 15 na urefu sm 60 unapata lita 10 kasoro kidogo. Ujazo uleule unaweza kuwa mfupi mnene au mrefu mwembamba, na magari yetu haya nafasi zake zote ni ndefu nyembamba.

Lakini usikimbilie kuununua!! Mimi mara ya kwanza nilipima na futi gari imesimama kwenye sakafu, nikamwambia fundi atoboe, wiki mbili baadaye tairi limeukwangua mtungi mpaka chuma kinang'aa. Kumbe gari ikisimama na gari ikitembea ni gari mbili. Nikajifunza hivi. Nenda duka la mabomba nunua kipande cha bomba la maji taka la inchi 6, lile la plastiki, likate sm 62, hilo ndo mtungi wako wa bandia, limezidi kidogo na ndo tunavyotaka. Lifunge kwa waya wa kufungia nondo mahali unapotaka kuweka mtungi. Lizungushie gazeti au karatasi ya kaki na selotepu. Halafu endesha wiki nzima maisha yako ya kawaida, matuta ya Goba, mashimo, pakia watu, siku moja pandisha tairi moja kwenye tuta kubwa lingine likiwa linaning'inia. Jumamosi ingia chini ulisome lile karatasi. Palipochanika pamekugusa kitu. Palipolowa tope panapigwa na tairi. Palipoungua au kubadilika rangi ekzosi iko karibu kuliko ulivyodhani.

Na bomba ni la kupimia TU. Kuna mtu mtaani kwetu aliweka upepo kwenye bomba la plastiki la maji akasema mbona limeandikwa presha. Lile linapasuka vipande kama chupa. Ni la maji, upepo ni mnyama mwingine.

kijana_gerezani

mnahangaika sana wakubwa, bampa lenyewe si ni bomba? ziba huku ziba kule weka fitingi umemaliza, mtungi upo na nafasi hujala. nishamfanyia hv mteja mwenye gari ya Surf. au chukua mtungi wa gesi ya friji wale wa mafundi eisi (AC) wanatupa bure, mwepesi, unaenea popote, nakuchomelea mguu kwa dakika kumi

FundiMstaafu

Vijana hamjambo. Nimesoma yote, mengi ni mazuri. Mimi nimekaa na malori miaka zaidi ya thelathini, breki za upepo ndizo zilizonisomeshea watoto, kwa hiyo niruhusuni niongee kwa kirefu kidogo.

Mwanangu wa Gerezani, nakupenda kwa uchangamfu wako lakini hayo mawili usimfanyie mteja tena. Mtungi wa gesi ya friji ule wa kutupa umetengenezwa utumike mara moja, bati lake jembamba, na ndani haukupakwa chochote. Wewe unaingiza upepo wa Dar wenye unyevu kila siku, unaoza kutoka ndani na nje rangi bado nzuri inang'aa, hutajua mpaka siku utakayojua. Na ukiuchomelea mguu ndio umeuchosha bati palepale. Mtungi wowote wa presha haufungwi kwa kuchomelewa, unafungwa kwa mikanda. Hata wa lori. Tazama lori lolote pale Ubungo, inama uangalie, mitungi imekumbatiwa na mikanda ya bati na raba katikati.

Bampa nalo. Bomba la bampa linaweza kubeba presha, sikatai, ila kazi ya bampa ni kugongwa. Unataka kitu chenye upepo wa 120 kigongwe na bodaboda kwenye foleni?

Sasa mkonga, huo mtungi wako wa lori. Umeangalia kibati chake? Mitungi halali ina kibati au maandishi yaliyogongwa, ujazo na presha yake ya mwisho. Kama kibati kimeng'olewa au kimepakwa rangi juu ya rangi, mimi ningekuwa na wasiwasi na huyo aliyekuuzia. Ukishaupata wowote, huo au mwembamba, ujaribu kwa MAJI sio kwa upepo. Unaujaza maji mpaka unamwagika, hakuna hewa iliyobaki hata kidogo, halafu unasukuma kwa pampu ya mkono ya kupimia mabomba, mafundi bomba wanazo, mpaka mara moja na nusu ya presha utakayotumia. Wewe ukitumia 120 basi 180. Uache robo saa, uangalie geji kama imeshuka, upitishe mkono kwenye maungio yote. Kwa nini maji? Maji hayabanwi. Mtungi ukifa na maji ndani unachanika tu unalia tiii, maji yanamwagika miguuni, mmemaliza. Ukifa na upepo ndani, ule upepo wote uliobanwa unataka kutoka kwa wakati mmoja na unaondoka na chochote kilicho mbele yake. Nimeona mlango wa gereji umetobolewa na mfuniko wa mtungi, na ashukuriwe Mungu ilikuwa saa ya chakula.

Jambo la pili ni maji ya ndani. Hewa ya hapa kwetu kipindi cha joto, kwenye kila lita elfu moja unabeba gramu ishirini na kitu za maji. Ukiibana inatema. Lori tunafungua koki za chini kila asubuhi. Wewe ufungue kila baada ya safari. Kwa hiyo mtungi ulaze, na tundu la koki litazame chini kabisa, sehemu ya chini kuliko zote, sio pembeni. Nimeona watu wamefunga mtungi vizuri kabisa lakini koki inatazama angani, sasa hiyo ni koki ya kutolea nini?

Jambo la tatu uzi. Mitungi ya malori ya Ulaya matundu yake mengi ni M22 kwa 1.5, na fitingi za kompresa yako ni za inchi. Usilazimishe na utepe mweupe, nenda kakerezeshe adapta. Sefti valvu, ile inayojifungua presha ikizidi, usisahau, ifunguke juu kidogo ya pale presha swichi inapozima kompresa. Hiyo ARB swichi yake inazima kwenye 150, kwa hiyo usinunue sefti ya 120 ukashangaa inapuliza kutwa nzima, wala usipime mtungi kwa 180 ukasema imetosha. Ukiiacha swichi ileile basi upime kwa 225. Ukitaka kutembea na 120 badili swichi.

mkonga_tabata

Shikamoo mzee wangu, asante sana. Nimeenda barazani na tochi sasa hivi. Kibati KIPO ila kimekunjwa na rangi ya bluu imepita juu yake mara mbili, nikakwangua na ufunguo naona tu 20 L na namba moja inaweza kuwa 10 inaweza kuwa 16. Sijafurahi.

Dada wa OneTen kesho natafuta hilo bomba.

FundiMstaafu

Marahaba. Kama ni 10, ni 10 bar, hiyo ni kama psi 145, na swichi yako inakwenda 150. Umeelewa nilichokuwa nasema kuhusu swichi.

kijana_gerezani

nimekupata mzee shikamoo. yule wa Surf nitampigia simu

kibiti_road

Mpigie leo sio kesho.

*(wiki mbili na ushee baadaye)*

mkonga_tabata

Wakuu narudi na ripoti, poleni ni ndefu.

Nilinunua kipande cha bomba la inchi 6 duka la vifaa vya ujenzi hapa Tabata, muuzaji akauliza unajenga choo nikamwambia hapana ni cha gari, akaniangalia sana. Nikakata sm 62, nikakazungushia karatasi la mfuko wa simenti. Sehemu ya kwanza niliyojaribu ni nyuma ya tairi la nyuma, kati ya chasisi na bodi, kwa sababu kwa macho pale ndo palikuwa na nafasi kubwa na ukikaa chini unapaona vizuri. Siku ya nne tu nikaingia chini. Karatasi upande wa mbele halipo kabisa!! Limeliwa na mawe na tope linalorushwa na tairi. Halafu kuna alama ya kukandamizwa upande wa ndani nikawa sielewi imetoka wapi, maana tairi halifiki pale. Nikamwita kijana wangu tukapakia mifuko sita ya mchanga nyuma, nikalala chini natazama. Kumbe springi ile ya bapa ikibebeshwa mzigo inanyooka, ikinyooka inarefuka, na kile kiungo cha nyuma kinachobembea kinarudi nyuma kinaenda kugonga bomba. Gari tupu hakigusi. Na pale nilipopima na futi gari ilikuwa tupu. Dada wa OneTen nilikuelewa saa hiyo.

Nikahamia mbele ya tairi la nyuma, chini ya bodi nje ya chasisi, upande ambao ekzosi haipiti. Mwisho wa nyuma nikauacha sm 20 kutoka kwenye tairi na nikaweka kipande cha madigadi ya raba katikati kama pazia. Siku tano, Goba, Kinyerezi ile barabara ya vumbi, na Jumapili tukaenda Kimbiji kwa Kigamboni makusudi kabisa. Karatasi zima! Lina vumbi tu na tone moja la grisi. Chini halishuki kuliko futibodi kwa hiyo jiwe litaanza na futibodi.

Baada ya hapo ndo nikatafuta mtungi. Nimepata mwembamba wa lita 9.5, kipenyo 15 na kidogo, kibati kinasomeka. Tumeupima kwa maji kwa fundi bomba mmoja jirani, kwanza alikataa akadhani nataka kumpima akili, nikamwambia maneno ya mzee yote mpaka lile la mlango wa gereji, akakubali, tukapeleka 225 kwa pampu ya mkono. Geji ilikaa pale robo saa imeganda. Nimeiacha swichi ya ARB ileile.

Mikanda ni flati ba ya milimita 4, raba nimekata kwenye mpira wa ndani wa tairi la lori, imeshikwa na bolti kwenye matundu ambayo chasisi ilikuwa nayo tayari, sijatoboa tundu jipya hata moja. Koki ya maji inatazama chini. Ya kutokea upepo ni nusu inchi mpaka kwenye koki moja nimeiweka ndani ya mlango wa nyuma, na kwenye njia ya kujazia tairi nimepitisha mpira mwingine mwembamba unatoka moja kwa moja kwenye kompresa bila kupita kwenye mtungi, kwa ajili ya hesabu ya BwanaDifu.

Jana nimejaribu. Fundi pancha wa hapa mtaani alinitoa tairi kwenye rimu makusudi, nikafunga mkanda wa mizigo, sabuni, nikang'oa sindano ya valvu, nikafungua koki. PAA! Mbwa wa jirani alikimbia mpaka barabarani. Mara ya kwanza ilikaa upande mmoja, mara ya pili zote. Mtungi ukawa umebaki na kama 30.

Jana hiyohiyo jioni nikafungua koki ya chini kuona hayo maji ya mzee. Yametoka, nimeyakinga kwenye kifuniko cha chupa ya maji, kimejaa na nusu ya pili. Rangi ya chai ya rangi.

BwanaDifu

Huo mpira wa pili wa moja kwa moja umenifurahisha. Weka valvu ya kuzuia upepo usirudi upande wa mtungi, usije ukajaza tairi mtungi ukawa unajivuta wenyewe kurudi.

mkonga_tabata

Ipo mkuu, fundi umeme ndo alinikumbusha.

dada_wa_OneTen

😍😍 karatasi la simenti ni bora kuliko gazeti langu, naiba wazo. Kiungo cha springi mimi sikukijua kabisa maana 110 yangu nyuma ni koili.

Swali, povu la sabuni kwenye maungio umepaka? Yangu ilikuwa inavuja polepole nikawa nalaumu kompresa miezi miwili.

mkonga_tabata

Nimepaka, ungio moja lilikuwa linatoa mapovu madogomadogo pale kwenye geji. Nimelikaza, likaendelea, nikalifungua nikakuta uzi umepishana nusu mzunguko. Sasa limetulia. Jana saa mbili usiku ilikuwa 150, leo saa mbili usiku 148.

FundiMstaafu

Mbili kwa siku nzima si mbaya kwa kazi ya kwanza. Huenda jana upepo ulikuwa bado wa moto wa kompresa, na hewa ikipoa inasinyaa, kwa hiyo hata hiyo mbili usiihesabu yote kama kuvuja. Umefanya vizuri mwanangu.

kibiti_road

Sasa lile la bluu la barazani vipi? Shemeji anasemaje?

mkonga_tabata

Bado lipo. Lita 20, kibati cha kusoma kwa tochi na ufunguo. Mwenye banda la gereji anayetaka la kupulizia vumbi aje Tabata abebe, akalipime kwa maji kwanza, bei maelewano. Mama watoto kaniambia kama halijaondoka mpaka Jumamosi atapanda maua kweli.

kijana_gerezani

nakuja jumamosi asubuhi mkuu. na pampu ya maji naja nayo